Kaburi la Mgomba: Sehemu ya Saba

Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita asisumbuke kuliazima. Ya nyuma yanamezeka kwa mafunda machache, ingawa ni machungu.

Kahongya, mwanamke wa miaka thelathini na minne, alizaliwa kwenye kambi ya wachimbaji wa makaa ya mawe karibu na Kalemie. Baba yake, Lusenge, alikuwa Munande wa kijiji cha Musienene aliyechukuliwa kwenda kufanya kazi Katanga enzi za Wabeleji. Mwamba ulimwangukia chini ya ardhi wakati binti yake hajaota meno ya pili. Mwili haukutolewa. Shimo lilizibwa, kazi ikahamia shimo la pili.

Vita ilipofika Kalemie na kambi kuchomwa, Kahongya hakuwa na mume wala mtoto wa kumzuia. Akavuka ziwa, akapita Bukavu na Goma, akapenya katikati ya waasi wa kule na waasi wa huku, mpaka Butembo. Alitafuta kitu kimoja tu: watu wa baba yake.

Aliwapata Kimemi, mtaa mmoja wa Butembo. Mzee Éliakim, mdogo wa Lusenge, mfanyabiashara, mzee wa kanisa, mtu wa machozi ya karibu. Kahongya alipotaja jina lake mlangoni, kikombe cha chai kilimponyoka mzee. Tulidhani ni furaha.

Tulidhani vibaya.

Siku ya soko Éliakim alimpeleka Musienene. Walikwenda na mke wa mzee, mama mmoja mwembamba asiye na maneno, ambaye nyumba nzima ilimwita Mama Nzanzu. Nyuma ya shamba la maharagi kulikuwa na makaburi matatu, na ndugu wa ukoo walikuwa wamekwisha kukaa kwenye majani, wanangoja.

"Huyu ni sokulu yako, baba ya baba yako," Éliakim akasema, akionyesha kwa fimbo. "Huyu mukaka yako, mama ya baba yako. Na huyu wa tatu, baba yako."

Kahongya akatazama msalaba wa saruji. LUSENGE, uliandikwa.

"Mulimuwekea ukumbusho," akasema. Akaushika kwa mikono miwili, kwa shukrani.

"Ukumbusho gani? Tulimuzika."

"Baba mudogo, baba yangu iko chini ya mwamba kule Kalemie."

"Tulimuzika hapa," mzee akarudia kwa upole, kama mwalimu wa katekisimu. "Mbele ya Uhuru. Mutu wa kuaminiwa alituletea habari ya kifo. Kwa sababu mwili ulibakia kule, tulikata mugomba, tukaufunga mu mukeka, tukauzika. Ni desturi yetu kwa mutu mwenye amekufia mbali. Batu bote hapa banajua."

Ndugu wakaitika. Ndiyo, wanajua. Walikuwepo. Walikula.

"Mbele ya Uhuru mimi sikuwa nimezaliwa," Kahongya akasema.

"Voilà," akasema Éliakim.

Akawageukia ndugu. Kahongya akatambua, amechelewa, kwamba hakuletwa kuonyeshwa makaburi. Aliletwa kuonyeshwa yeye.

"Ndugu zangu, mumesikia kwa kinywa yake mwenyewe. Lusenge alikufaka mbele ya Uhuru. Huyu mama alizaliwa kisha Uhuru. Maiti hapana zala batoto." Akatoa leso, akajipangusa macho makavu. "Mama yake alikuwa na mimba kule mu kambi, akaitafutia jina ya marehemu. Mimi simuhukumu. Siye wa kwanza mu dunia."

Mtu mmoja akacheka. Wengine wakafuata, kicheko cha chinichini, cha watu walioshiba.

"Mais sisi ni Wakristo," mzee akaendelea. "Hatumufukuze. Atakaa kwangu, atasaidia mama mu jikoni."

Mbuzi akaletwa. Éliakim akambariki, akala. Mafuta yalimtiririka kidevuni wakati anawaeleza ndugu juu ya huruma. Kahongya alipewa kipande cha shingo, akakishika mkononi mpaka kikapoa. Alijaribu kukipeleka mdomoni. Mdomo ulikataa kufunguka. Alikuwa amevuka vita nzima ili aje kuambiwa, mbele ya sahani za watu, kwamba mama yake alikuwa malaya na yeye mwenyewe ni mtoto wa mgomba.

Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Wahenga hao hawakufika Musienene.

Alasiri, wanaume walipokwenda sokoni, Mama Nzanzu alimwita nyuma ya nyumba wachambue maharagi. Wakakaa juu ya gunia. Mama alitoa mawe, akatoa yaliyooza, akatoa mawe, bila kunyanyua uso.

"Jina yako," akasema hatimaye. "Nani alikupa?"

"Baba."

"Alisema ilikuwa ya nani?"

"Mama aliniambia ni jina la marehemu. Baba alikuwa na bibi wa kwanza huku kwao. Alikufa akijifungua. Baba alimtumia blanketi kwa mkono wa mwenzake aliyepewa likizo, na mwenzake alirudi na habari hiyo: bibi amekufa, na mtoto pia. Baba alikaa miaka mingi bila kuoa. Aliponizaa mimi akanipa jina la yule bibi." Kahongya akatabasamu kidogo. "Mama yangu hakulipenda. Alikuwa ananiita 'we mutoto' tu."

Mkono wa mama ulisimama juu ya maharagi.

"Blanketi ya rangi gani?"

"Nyekundu. Ilikuwa ya kazi. Mama alisema baba aliikosa sana wakati wa baridi."

Mama Nzanzu akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Umekaa mu nyumba yangu wiki nzima," akasema. "Ulishajiuliza mimi naitwa nani?"

"Mama Nzanzu."

"Hiyo ni jina ya mutoto yangu. Ku batizo walinipa Marie-Jeanne. Na ku nyumba ya baba yangu, mbele sijaolewa, waliniitaka Kahongya."

Maharagi yakamwagika. Hakuna aliyeyaokota.

"Marehemu ni mimi," akasema yule mama.

Maneno yaliyokaa kifuani kwa miaka arobaini yakitoka, hayatoki kwa mpango. Alianza katikati, akarudi nyuma, akaruka. Lusenge alimwoa kwa mahari kamili na mbele ya padri. Walikaa msimu mmoja wa maharagi. Akachukuliwa kwenda Katanga, naye akabaki na mimba. Mtoto akazaliwa mwanaume wa kwanza, akaitwa Nzanzu kama desturi. Mtoto alipoanza kutambaa, Éliakim alirudi kutoka safari ya Beni akipiga mayowe barabarani: kaka amekufa, nimeonana na mtu aliyemwona akifa.

"Nililia mugomba," mama akasema. "Nilinyolewa kichwa juu ya mugomba. Nililala chini, nikakataa kula, nikauita bwana yangu. Na yeye Éliakim alinishika mukono, alikuwa analia kuliko mimi. Kisha mwaka moja akanioa mu kanisa yake. Kila mutu alimusifu. Amechukua mujane ya kaka, amechukua mutoto, amechukua shamba ili isipotee."

"Na blanketi?"

"Aliileta siku ile ile ya kilio. Nyekundu. Alisema aliinunua Beni juu ya kunifariji. Kumbe ule mutu wa likizo alimuachia yeye." Sauti yake ilibaki ileile, bapa. "Batoto yote ya Éliakim nilizalia juu yake. Nilikuwa naifua mu mutoni na sabuni, niseme, bwana yangu wa pili ni mutu wa roho nzuri."

Akainuka. Akatembea mpaka nyuma ya choo, akatapika. Alitapika mpaka hakuna kitu, kisha akaendelea.

Kahongya alimfuata na maji. Hakujua amwite nani. Mke wa baba, mke wa baba mdogo, mtu wa jina moja naye.

"Usilie, mama."

"Silie. Kulia ni kwa mutu mwenye alikufa." Akajifuta mdomo. "Huyu alikuwa muzima. Miaka yote hiyo alikuwa muzima, alikuwa anachimba makaa na ananililia. Na mimi nilikuwa nalala na mutu mwenye alituzika bote mbili."

Siku ya pili, waliporudi Kimemi, Éliakim alikaribisha wazee wawili wa kanisa kwa chakula cha mchana. Mama Nzanzu alileta bugali, akaleta sombe ya majani ya muhogo. Kisha akaleta sahani ya mzee, imefunikwa, akaiweka mbele yake kwa mikono miwili kama inavyotakiwa.

Mzee akafunua.

Ndani kulikuwa na kipande cha mgomba. Kimemenywa, cheupe, kinatoa maji yake yale ya kunata.

"Kula," mama akasema. "Ni kaka yako."

Wageni wakatazamana. Kahongya alisimama mlangoni. Alingoja meza ipinduliwe. Alingoja kofi.

Éliakim akakitazama kile kipande kwa muda. Halafu akarudisha mfuniko taratibu, akafunga macho, akakunja mikono.

"Tuombe," akasema. "Bwana, tunakushukuru kwa chakula hii, na kwa mikono yenye imeitayarisha."

"Amina," wakasema wageni.

Akawaeleza kwamba mama hajisikii vizuri siku hizi, uzee, malaria. Akawagawia sombe. Akala katika sahani ya mgeni, akazungumza nao kuhusu mabati ya kanisa, akawasindikiza. Kisha akavaa kofia yake na kutoka bila kumtazama mtu.

Hilo ndilo lililomchefua Kahongya kuliko lote. Angekasirika, angekuwa mtu. Lakini alikuwa ameomba.

Haikupita muda Julie, jirani muuza chumvi, akaingia kwa mlango wa nyuma, kitenge kimefungwa ovyo.

"Mama Nzanzu, muondoshe huyu mugeni. Nimetoka kupeleka chumvi ku bureau ya basoda, kwa askari. Muzee wako iko pale. Anasema mu nyumba yake mumeingia mwanamuke wa Kalemie, batu ya Goma bamemutuma apeleleze."

"Amesema mpelelezi?" Kahongya akauliza.

"Amesema espion. Amesema mara mbili, ule mwenye kuandika alikuwa hasikii vizuri."

Mwaka ule, Butembo, neno hilo halikuhitaji shahidi. Mtu alitajwa, alichukuliwa, na ndugu zake walijifunza kutouliza. Aliyevuka kutoka upande wa Goma alikuwa na hatia miguuni mwake. Éliakim hakuhitaji kuua. Hata mara ya kwanza hakuua. Alisema tu kwamba mtu amekufa, na dunia ikamsaidia.

"Vaa viatu," Mama Nzanzu akasema. "Tunaenda Beni."

"Kwa nani?"

"Kwa Nzanzu. Damu ya Lusenge si wewe peke yako. Uko na kaka."

Kahongya alisahau hofu. Katika machafu yote yale alikuwa hajafikiri jambo hilo. Kaka, wa baba mmoja. Mtu ambaye angeweza kusimama mbele ya ukoo na kusema, huyu ni wetu.

Walipanda lori la viazi, wakakaa juu ya magunia. Kwenye kila bariera askari alipouliza, mama alijibu kabla Kahongya hajafungua kinywa chenye lafudhi ya Katanga.

"Huyu ni nani?"

"Mutoto yangu. Hapana sikia muzuri, usipoteze sauti yako."

Njiani mama alimsimulia habari za Nzanzu, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa na mwanga. Nzanzu anauza mafuta ya mawese, mapipa kwa mapipa. Nzanzu anajulikana na makomanda, anawauzia kwa bei nzuri, hawamgusi. Nzanzu hakuwahi kufanana na Éliakim hata kidogo. Akisikia, atatetemeka. Atakwenda Kimemi kumshika yule mzee kwenye kola.

"Iko na roho ya baba yake," akasema.

Nzanzu aliwapokea vizuri. Alikuwa mtu mnene, mwenye saa ya dhahabu na tumbo la utulivu. Hakuuliza wametoka na nini. Aliagiza kuku, akaagiza wali, akawahimiza wale. Mama alikula, kwa sababu ilikuwa nyumba ya mwanawe. Kisha akaenda uani kumsalimia mkamwana, na Kahongya akabaki peke yake na kaka yake.

Akamwambia yote. Kambi, shimo lililozibwa, blanketi, mgomba. Alisema kwa haraka, macho yake yakiwa kwenye mikono ya Nzanzu, akitafuta mkono wa baba asiyemkumbuka.

Nzanzu alimsikiliza huku akichokoa meno.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Yote. Baba Éliakim aliniambiaka mbele ya ndoa yangu. Alinikalisha chini, akasema: Nzanzu, mimi sikukuzala, na mwenye alikuzala sikumuzika. Ule wakati Lusenge alikuwa amekwisha kufa kabisa, mu shimo. Habari ilikuwa imefika." Akatupa kijiti. "Alisema, chagua. Nikimuchagua marehemu, nibebe mukeka yangu niende. Nikimuchagua muzima, napata shamba ya Musienene na mapipa ya kwanza ya mafuta."

"Ukachagua mapipa."

"Ungechagua mifupa?"

"Na mama yako?"

"Mama alikuwa na nyumba ya mabati. Alikuwa na batoto, alikuwa na heshima ku kanisa. Ningemuambia juu ya nini? Ukweli hapana pikwa mu chungu, dada yangu."

Dada yangu. Lile neno alilolivukia ziwa na vita, sasa limetoka, na lilinuka mafuta na kuku.

Kahongya alitaka kujibu, lakini Nzanzu hakuwa anamtazama tena. Alitazama nyuma yake.

Mama Nzanzu alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji ya kunawa. Hakuliangusha. Aliliweka chini kwa uangalifu, akainama, akachota maji kwa kiganja. Akasukutua, akatema kwenye kizingiti. Akachota tena, akasukutua, akatema. Alifanya hivyo mpaka ladha ya kuku wa mwanawe ikamtoka.

"Mama," Nzanzu akasema. "Sikiliza mbele."

"Miaka ngapi ulikuwa unakuya kunisalimia ku sikukuu ya Noël, unanikuta nimelala na ule mutu?" Hakupandisha sauti. "Ulikuwa unanibebea mafuta. Ulikuwa unaniuliza, mama, unalala vizuri?"

Nzanzu akafungua mikono, akaifumba.

"Kahongya, beba kitenge yako," mama akasema.

"Tunaenda wapi?"

"Kwa bwana yangu."

"Mama, bwana wako iko chini ya mwamba. Katikati kuna vita."

"Nitakaa juu ya mwamba. Nilikwisha kulilia mugomba, nitashindwa kulilia jiwe?"

"Mukae," Nzanzu akasema upesi. "Mukae kwanza, munywe chai." Na akatazama saa yake ya dhahabu.

Kahongya aliona alivyoitazama. Ikamwingia taratibu, kama maji baridi kwenye kiatu kilichopasuka. Kwa nini hakuuliza wametoka na nini. Kwa nini kuku, kwa nini wali, kwa nini kula polepole.

"Nani alikuambia tunakuja?" akauliza.

Nzanzu akaifunika saa kwa kiganja. Mjini walikuwa na phonie, simu ya redio, na Éliakim alikuwa na mdomo.

Gari lilisimama nje. Milango ikafunguka, viatu vikagonga ua, na mkamwana akaita watoto waingie ndani. Askari wawili wakasimama mlangoni. Mmoja, kijana wa macho mekundu, bunduki begani kama jembe, akawatazama wanawake wawili.

"Mwasi ya Kalemie, ule mwanamuke, ni nani hapa?"

Kahongya akapiga hatua mbele. Akavuta pumzi aseme, kwa sababu alikuwa amechoka, na kwa sababu hakutaka tena kujificha nyuma ya mtu. Mkono mkavu ukamshika kifundo cha mkono, ukabana mpaka mfupa ukauma.

"Ni mimi," Mama Nzanzu akasema.

Askari akamtazama, nywele za mvi, vidole vyenye udongo wa Musienene ndani ya kucha.

"Wewe?"

"Mimi. Bwana yangu iko Kalemie. Anafanya kazi ku makaa. Anaitwa Lusenge. Andika."

Yule kijana akasita. Mwenzake akacheka puani. Kijana akamgeukia mwenye nyumba, yule aliyewaita, mfanyabiashara anayejulikana, rafiki wa makomanda.

"Patron, njo huyu mama? Ni yeye?"

Kuku alikuwa bado mezani. Nzanzu alimtazama Kahongya, ambaye hakuwa na ushahidi wowote na ambaye hakuna mtu Butembo angemwamini tena. Akamtazama mama yake, ambaye kila mtu angemwamini.

"Njo yeye," akasema.